Erwin Blumenthal: Mujerumani aliyewekwa kulinda sanduku la feza la Zaire

Katika mwezi wa 8 mwaka wa 1978, Mujerumani mumoja mwenye kujua sana kazi ya benki alifika Kinshasa. Jina lake lilikuwa Erwin Blumenthal. Hakukuja kuchimba shaba wala kufungua duka. Alikuja kushika kazi kubwa ndani ya Benki ya Zaire, ndiyo benki kuu ya inchi, kusudi feza ya serikali iache kupotea. Hakumaliza hata mwaka mumoja, akaondoka. Lakini mpaka leo, kila mara watu wanazungumuza juu ya wizi wa mali ya inchi, jina lake linarudi, kwa sababu ya ripoti aliyoandika kisha kuondoka. Wengi wamesikia ile ripoti. Wachache ndio wanajua mutu mwenyewe alikuwa nani, na namna gani kazi yake iligusa hata mama mwenye kuuza muchele ku soko ya Nyangwe.

Kwa watu wa Nyangwe, mambo ya feza si mageni. Mwaka wa 1874, Mwingereza Cameron alifika ku ile soko ya pembeni ya Lualaba, akatafuta mitumbwi ya kuteremuka nayo mutoni. Alikuwa na mali, lakini wenye mitumbwi hawakuitaka. Wakati ule, feza ya Nyangwe ilikuwa simbi, mbuzi na, jambo la kuumiza roho, watumwa. Cameron hakupata mitumbwi, ikabidi aache ile safari ya mutoni na kupita njia ingine. Hakukuwa banki, hakukuwa gavana wa banki, lakini kanuni ilikuwa ileile ya leo: feza ni kitu chenye mwenzako anakubali kupokea. Siku anakataa, hata ukibeba mizigo kumi, wewe ni masikini tu.

Kazi ya benki kuu ni kulinda ule ukubali. Ndiyo kazi Blumenthal alifanya karibu maisha yake yote.

Alikotoka

Wajerumani wa umri wa Blumenthal walijifunza mambo ya feza kwa njia ngumu. Mwaka wa 1923, feza ya Ujerumani ilianguka mpaka watu wakabeba mushahara katika vikapu, na bei ya mukate ya asubuhi haikuwa ile ya magaribi. Mutu aliyeweka akiba miaka makumi mawili hakuweza tena kununua hata sabuni. Kisha vita ya pili ya dunia, feza ile ingine nayo ikakufa. Tarehe 20 mwezi wa 6 mwaka wa 1948 wakaanza na feza mupya, deutsche mark.

Ni juu ya ile historia Wajerumani walijenga benki kuu yao, Bundesbank, iliyoanza kazi mwaka wa 1957, na wakaiwekea kanuni moja kali: wakubwa wa serikali wasiiamurishe kuchapa feza. Blumenthal alikomalia ndani ya ile nyumba, akapanda mpaka kuongoza sehemu ya mambo ya inchi za inje. Ile tabia ya Bundesbank, ya kuhesabu kila kitu na kutoogopa kukataa, ndiyo aliyoleta Kinshasa.

Alipita Dar es Salaam mbele ya Kinshasa

Haikuwa mara yake ya kwanza kufanya kazi Afrika. Mwaka wa 1963, serikali ya Tanganyika, iliyopata uhuru mwezi wa 12 mwaka wa 1961, ilimuomba aangalie mambo ya feza yake. Wakati ule Tanganyika, Kenya na Uganda walitumia shilingi moja. Ilitolewa na Bodi ya Feza ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1919. Ile bodi haikuwa benki kuu ya kweli. Ilitoa shilingi kwa kufuata feza ya Uingereza iliyowekwa akiba London, na haikuwa na nguvu ya kuongoza mikopo ya inchi.

Blumenthal alitoa shauri kwamba zile inchi zijenge benki kuu ya pamoja, na kila inchi iwe na benki yake ndogo chini ya ile kubwa. Hesabu zake zilikuwa wazi, lakini wanasiasa hawakupatana nani atakuwa na neno la mwisho. Mwaka wa 1966 kila mumoja alifungua banki yake: Tanzania mwezi wa 6, Uganda mwezi wa 8, Kenya mwezi wa 9. Shilingi moja ikawa shilingi tatu.

Pale alionja kwa mara ya kwanza jambo lenye angekuta tena Zaire, lakini kwa ukali zaidi: muganga wa feza anaweza kuandika dawa muzuri, lakini mwenye kuinywa ao kuimwanga ni mwenye kushika mamlaka.

Zaire ilikuwa mugonjwa

Feza ya zaire ilizaliwa tarehe 24 mwezi wa 6 mwaka wa 1967, wakati Albert Ndele alikuwa gavana wa benki kuu. Zaire moja iliomba franga 1,000 za zamani, na zaire moja ilikuwa na bei ya dola 2 za Marekani. Wazee wa Kasongo wanakumbuka ile miaka. Mutu alihesabu mpaka makuta, na likuta moja ilikuwa na kazi sokoni.

Lakini inchi iliegemea shaba. Mwaka wa 1974 bei ya shaba ku masoko ya dunia ilianguka. Mwaka uliofuata, vita ya Angola ikafunga njia ya reli ya Benguela, yenye ilipeleka madini ya Shaba mpaka bahari. Mbele ya pale, tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka wa 1973, Rais Mobutu alikuwa ametangaza zairianisation: maduka na mashamba ya wageni yakapewa wakubwa na rafiki zao. Ndani ya Kivu, na Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu, maduka mengi ya Wagreki, Waportugezi na Waasia yaliuzwa mpaka kitu cha mwisho, kisha milango ikafungwa. Chumvi, sabuni na vikwembe vikawa haba.

Serikali ilikopa, kisha ikashindwa kulipa. Katika mwaka wa 1978 deni la inje lilikuwa karibu miliari 3 za dola. Na kwa kulipa matumizi yake ya ndani, serikali iliendelea kuomba feza ku benki kuu, na benki kuu ikaendelea kuchapa. Mulimaji wa Nyangwe anaweza kuelewa hili bila kusoma economie: kama mupunga ni uleule, na franga ni mingi mara mbili, bei ya mupunga itapanda. Mavuno hayakuongezeka. Karatasi ndiyo iliongezeka.

Mwezi wa 5 mwaka wa 1978 kukawa vita ya Kolwezi. Marekani, Ufaransa na Ubelgiji waliokoa utawala wa Mobutu, lakini wenye kukopesha walisema hawatatoa tena feza kama hakuna mutu wa kulinda sanduku. Mfuko wa Feza wa Kimataifa, FMI, ulitaka mutu wake akae ndani ya benki. Mobutu alikubali. Ndipo wakamutafuta Blumenthal.

Mwaka wa kukataa

Kulikuwa gavana Muzaire, na alibaki na kiti chake. Lakini Blumenthal, mwenye cheo cha mukurugenzi mukubwa, ndiye alipewa mamlaka juu ya feza ya inje. Kila dola, kila franga ya Ubelgiji yenye kutoka ku benki, ilipaswa kupita mbele ya macho yake.

Kwa kuelewa ule uzito, inafaa kujua namna feza ya inje ilikuwa inaingia. Mutu mwenye kuuza kahawa, shaba ao almasi inje, sheria ilimuomba arudishe ile feza ku Benki ya Zaire, naye apewe zaire. Kisha benki inagawanya ile feza ya inje kwa wenye kuleta dawa, mafuta ya gari, unga na vipande vya mashine. Lakini wakubwa wengi walikuwa wanauza inje na kuacha feza kulekule, katika Ulaya. Kahawa ya Kivu ilikuwa inavuka mipaka usiku. Na hawa wakubwa walewale walirudia mulango wa benki kuomba dola kwa bei ya serikali.

Kuelekea mwisho wa mwaka wa 1978, Blumenthal aliandika orodha ya kampuni 50 hivi na wenye zile kampuni. Wote hawa walikatazwa kupata feza ya inje na mikopo mpaka walipe madeni yao na kurudisha feza waliyoacha inje. Katika ile orodha mulikuwa Litho Moboti, mujomba wa Mobutu, mumoja wa matajiri wakubwa wa Zaire. Hakuna mutu wa benki aliyekuwa amethubutu kumukatalia Litho mbele ya pale.

Kwa muda mufupi, ile amri ilitikisa Kinshasa. Lakini ikaanza kutobolewa. Watu walipita mulango wa nyuma, kwa barua ya mukubwa ao kwa agizo kutoka juu. Feza ya madini nayo haikuingia yote ku benki, kwa sababu mauzo ya shaba yalipita kwa shirika la serikali lenye lilifuata amri ya ikulu. Blumenthal alikuta pia akaunti za benki zilizofunguliwa Ulaya, zenye zilifanya kazi kwa matumizi ya rais na jamaa yake. Alifunga tundu moja, likafunguka lingine.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1979, askari waliingia ndani ya benki na silaha, wakadai feza ya inje kwa ajili ya jenerali wao. Wenye kuandika juu ya ile miaka wanaeleza kama Blumenthal alifika mahali pa kulala na bunduki chini ya kitanda, na radio ya kuita balozi za Ujerumani na Marekani kama kitu kinatokea usiku. Alikuwa na hesabu, alikuwa na saini, lakini hakuwa na mahakama ya kumulinda wala polisi ya kumutii.

Mwezi wa 7 mwaka wa 1979 aliondoka Kinshasa.

Bili ilifika kijijini

Si vema kusema kama kila kitu kilichotoka mu mikono ya Blumenthal na FMI kilikuwa asali. Kati ya mwezi wa 11 mwaka wa 1978 na mwezi wa 8 mwaka wa 1979, bei ya zaire mbele ya feza za inje ilishushwa mara kadhaa, mpaka ikapoteza zaidi ya nusu. Kwa hesabu ya benki, ilikuwa kusema ukweli: ile zaire haikuwa tena na bei iliyoandikwa. Lakini kwa mwalimu wa Kasongo na muganga wa Kabambare, mushahara ulibaki nyuma na chumvi ikapanda. Litho alikuwa na dola Ulaya. Mwalimu alikuwa na zaire katika mufuko wa suruali.

Kisha lile gumu zaidi. Mwisho wa mwezi wa 12 mwaka wa 1979, miezi michache kisha Blumenthal kwenda, serikali ilitangaza kama noti za zaire 5 na zaire 10, zile kubwa za wakati ule, hazina tena kazi. Watu walipewa siku chache tu, wakati wa sikukuu za Noeli na mwaka mupya, kuzipeleka ku banki na kupata mupya, na kulikuwa mupaka wa kiasi. Wakubwa wa serikali walisema ni kwa kupunguza karatasi nyingi zilizofichwa manyumbani na zile zilizokwenda inje ya inchi.

Kwenye ramani ya Kinshasa, ile amri ilionekana nyepesi. Kwenye njia ya Nyangwe haikuwa hivyo. Banki ilikuwa mbali, mvua ya mwezi wa 12 inaharibu barabara, na mutu wa kijijini alitegemea miguu, kinga ao mutumbwi. Mulimaji hakuwa na akaunti. Akiba yake ilikuwa katika sanduku ao chini ya kitanda. Kwa wengi wa namna hii katika Kivu na inchi nzima, feza ya mavuno, ya mahari, ya masomo ya watoto, iligeuka karatasi ya kuwashia moto. Wakubwa wenye walijua mbele, ao wenye kuwa na rafiki ku banki, waliokoa yao.

Tangu pale, watu wa mashariki walijifunza kutoweka akiba katika noti. Waliweka katika ngombe, mbuzi, mabati, dahabu, na kisha dola. Ndiyo kusema, walirudia hekima ya soko la mwaka wa 1874: kushika kile chenye mwenzako hatakataa.

Ripoti

Blumenthal hakunyamaza. Mwezi wa 4 mwaka wa 1982 alimaliza kuandika ripoti juu ya Zaire kwa ajili ya wakubwa wa feza wa kimataifa. Haikuandikwa kwa ajili ya kutangazwa, lakini mwaka uleule ilifika mu mikono ya wapinzani wa Mobutu waliokuwa Ubelgiji, kati yao Nguza Karl-i-Bond, aliyekuwa waziri wa kwanza mbele ya kukimbia. Kutoka pale, dunia nzima ikaisoma.

Ndani yake, yule muzee wa benki alieleza mambo moja kwa moja, kwa majina na akaunti. Alionyesha kama kati ya feza ya rais na feza ya inchi hakukuwa ukuta. Alionyesha kama wizi si kosa la mutu mumoja mudogo wa ofisi, ila ndiyo namna utawala wenyewe ulivyosimama. Na akawaambia wenye kukopesha kwamba hakuna tumaini la kurudishiwa feza yao.

Wenye kukopesha walisoma, lakini waliendelea kukopesha. Ilikuwa wakati wa vita baridi, na Mobutu alikuwa rafiki wa Wamarekani karibu na Angola. Zile inchi zilijua mahali feza inakwenda. Ni wana wa Kongo, hata waliozaliwa kisha, ndio walibaki na lile deni.

Hapa ndipo maisha ya Blumenthal yanahukumiwa kwa njia mbili. Wamoja wanamuheshimu, kwa sababu alisema wazi kile wengine walinongona. Wengine wanakumbusha kama alitumwa na wenye deni, na swali lake la kwanza lilikuwa namna gani wao watalipwa, si namna gani mutu wa Maniema ataweza kuishi. Yote mawili ni kweli. Alikuwa mutu wa haki katika kazi iliyogawanywa vibaya tangu mwanzo.

Kisha yeye

Erwin Blumenthal amekwisha kufa siku nyingi. Aliyoonya yalitimia. Mwezi wa 10 mwaka wa 1993 walileta zaire mupya, na moja iliomba zaire 3,000,000 za zamani. Watu wa Kasai waliikataa, wakabaki na ile ya kwanza. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka wa 1998, kisha Mobutu kuanguka, franga ya Kongo ilikuja, na franga moja iliomba zaire mupya 100,000. Ukizidisha, franga moja ya Kongo ilikuwa sawa na zaire miliari 300 za mwaka wa 1967. Mutu aliyefungia zaire zake katika chungu mwaka ule, na akakifungua mwaka wa 1998, alikuta udongo tu.

Leo sheria ni ingine. Sheria ya mwaka wa 2002 iliipa Benki Kuu ya Kongo uhuru wa kuongoza feza, Katiba ya mwaka wa 2006 ikauandika katika kifungu cha 176, na sheria ya mwaka wa 2018 ikaurudilia. Kwa karatasi, gavana wa leo ana kile Blumenthal hakuwa nacho: sheria ya inchi yake mwenyewe, yenye inamuruhusu kukatalia hata mukubwa. Kile kinabaki kuonekana kila mwaka ni kama wabunge, mahakama na magazeti watasimama nyuma yake siku ile mutu mwenye barua kutoka juu atapiga hodi.

Ku Nyangwe, wamama hawangoji kusoma sheria. Muchele na samaki wanauza kwa franga. Lakini kwa moto, mashine ya kusaga ao kipande cha shamba, mwenye kuuza anataja bei kwa dola, na ile dola anaiinua mbele ya jua, anaipima kwa vidole, anaangalia kama haina hata tundu dogo. Kama haimupendeze, anakurudishia, na mazungumuzo yanaishia pale.